Ndogo Ukilinganisha na Nini?

Katika ripoti za mazingira zinazoandikwa kuhusu miradi ya ujenzi Kitengela, ipo sentensi isiyokosekana. Maneno hubadilika kutoka ripoti moja hadi nyingine, lakini maana ni ileile: athari ya mradi huu kwa wanyamapori, kwa maji ya ardhini au kwa majirani ni ndogo mno, haifai kuhangaikiwa. Ripoti hizo huandikwa kwa Kiingereza, na kivumishi kinachopendwa humo ni ‘insignificant’. Huwekwa mwishoni mwa sentensi, kisha nukta. Mwandishi anahamia kifungu kingine, kuhusu vumbi au kelele za mitambo.

Kinachonikera katika sentensi hizo si kwamba ni za uongo. Nyingi ni za kweli. Nyumba moja ya vyumba vitatu kwenye ploti ya futi 50 kwa 100 haiwezi kumfukuza nyumbu. Kisima kimoja hakikaushi maji ya wilaya nzima. Lori moja la mchanga halimalizi mto. Kila sentensi ukiisoma peke yake inapita mtihani. Lakini uwanda wa Kitengela uliokuwa unazungumziwa umekwisha karibu wote, na hakuna ripoti yoyote kati ya hizo ambayo kazi yake ilikuwa kutuambia kwamba ungekwisha.

Kivumishi cha udogo ni neno lenye deni. Anayesema kitu ni kidogo anadaiwa majibu mawili: ukilinganisha na nini, na kwa nani? Katika mazungumzo ya kawaida hatumdai, kwa sababu majibu yanajulikana. Mbuzi mdogo amelinganishwa na mbuzi wenzake, si na ndovu. Mshahara mdogo ni mdogo kwa anayeupokea na kodi ya nyumba anayoijua mwenyewe. Lakini ripoti inayoamua matumizi ya ardhi si mazungumzo ya kibarazani. Inasomwa na afisa asiyeijua ploti, inawekwa kwenye faili, na kwa nguvu ya neno hilo leseni inatoka. Hapo mwandishi anapaswa kulipa deni lote kwa maandishi: athari ni ndogo ikilinganishwa na nini, ikijumlishwa na zipi zilizotangulia, na kwa nani.

Hebu tufanye hesabu ambayo ripoti hizo haziifanyi. Ranchi ya pamoja ya Kitengela, mojawapo ya zile zilizoundwa chini ya sheria ya wawakilishi wa vikundi ya mwaka 1968, ilikuwa na hekta 18,292, yaani takriban ekari 45,200. Mwaka 1988 iligawanywa kwa wanachama wake zaidi ya 200, kwa wastani wa ekari 200 na ushei kwa kila mmoja. Ploti ya 50 kwa 100 ni thumuni ya ekari. Kwa hiyo ploti moja ni sehemu moja tu katika zaidi ya sehemu 360,000 za ranchi ile. Sehemu hiyo hakuna ramani itakayoionyesha. Lakini ranchi nzima haina kitu kingine ndani yake isipokuwa sehemu hizo. Ukikubali kwamba ya kwanza haina uzito kwa sababu ni moja kati ya 360,000, utakubali ya pili, na ya mia, na ya elfu hamsini, maana kila moja inaletwa mbele yako ikipimwa kwa kipimo kilekile, nayo ni ndogo sawasawa na iliyotangulia. Kipimo hicho hakitakuambia usimame, hata ukifika ya mwisho.

Yaliyofuata yanajulikana na kila anayesafiri barabara ya Namanga. Ukanda wa viwanda vya kuuza nje ulianzishwa Athi River mwaka 1990, na wafanyakazi wake walihitaji pa kulala. Kodi za Nairobi zilipanda. Vyama vya akiba na mikopo vikanunua ekari hamsini hapa, mia pale, na kuwakatia wanachama. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 154,436 katika mji wa Kitengela, na kaunti nzima ya Kajiado ikawa imetoka watu 687,312 mwaka 2009 hadi 1,117,840. Sina neno baya kwa walionunua. Ni walimu, wauguzi, mafundi na madereva wa matatu ambao wasingeweza kupata hata kibanda cha urithi jijini. Wala sina neno baya kwa familia za Kimaasai zilizouza. Ukame ulipoua ng’ombe mwaka 2009, karo na bili za hospitali hazikungoja mvua. Ekari mbili kati ya mia mbili zilikuwa, machoni pa mwenyewe, kidogo tu.

Sasa tuwatazame nyumbu, kwa kuwa wao ndio walioonyesha jumla ya hesabu hii mapema kuliko yeyote. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946, ina kilomita za mraba 117 tu. Imezungushiwa uzio pande tatu. Upande wa kusini, unaopakana na mto Mbagathi na Kitengela, uliachwa wazi kwa sababu hifadhi hiyo haikuwahi kujitosheleza. Wakati wa kiangazi wanyama waliingia hifadhini kutafuta maji ya kudumu. Mvua ikinyesha walitoka kwenda uwanda wa Athi-Kaputiei, ambako nyasi ni fupi, adui anaonekana kutoka mbali, na malisho yana madini anayohitaji mama mwenye mimba na anayenyonyesha. Huko ndiko nyumbu walikozalia. Mwaka 1978 idadi yao ilikadiriwa kuwa zaidi ya 26,800. Mwaka 2011 walikuwa hawafiki 3,000.

Uzio ndio kiini cha jambo hili, na ndio unaoonyesha udhaifu wa kupima athari kwa eneo. Seng’enge iliyozungushiwa ploti ya thumuni ya ekari haichukui thumuni tu. Inapinda njia. Kundi linalohama halipiti kwenye ujia wa mita thelathini kati ya mabati mawili, penye mbwa wanaobweka, hata kama kwenye karatasi ujia huo bado ni ardhi iliyo wazi. Watafiti wa taasisi ya kimataifa ya mifugo, ILRI, wakiongozwa na mwanaikolojia Robin Reid, walishirikiana na wafugaji wa hapa kupima nyua hizo kwa vifaa vya GPS katika mwongo wa kwanza wa karne hii. Ramani iliyopatikana ni muhimu kwangu kuliko ripoti nyingi za miradi, kwa sababu iliweka nyua zote kwenye karatasi moja. Ripoti ya mradi huonyesha ua mmoja.

Turudi kwenye zile tarakimu mbili, 26,800 na 3,000. Kutoka ya kwanza hadi ya pili ni miaka 33. Ukichukulia kwamba upungufu huo ulikwenda kwa asilimia ileile kila mwaka, unapata kati ya wanyama sita na saba kwa kila mia waliokuwapo mwaka uliotangulia. Sasa jiweke katika nafasi ya ofisa anayelinganisha hesabu ya mwaka huu na ya mwaka jana. Wanyama wa uwandani huhesabiwa kutoka kwenye ndege ndogo inayopita kwenye mistari iliyopangwa. Wanaoonekana huhesabiwa, kisha idadi ya eneo zima hukadiriwa. Upungufu wa sita kwa mia ni rahisi kupotea ndani ya makosa ya kawaida ya hesabu ya namna hiyo. Mtakwimu mwaminifu ataandika kwamba tofauti kati ya miaka hiyo miwili haina uzito wa kitakwimu, naye atakuwa amesema kweli. Mwaka ujao ataandika vivyo hivyo. Baada ya miaka 33 ya sentensi za kweli, nyumbu tisa katika kila kumi hawapo.

Hapa kivumishi chetu, ‘insignificant’, kina maana ya pili, ya kitakwimu, inayochanganywa na ya kwanza, na mkanganyiko huo umewasumbua hata wanasayansi. Mwingereza Ronald Fisher, katika kitabu chake cha takwimu cha mwaka 1925, ndiye aliyeizoesha dunia kutumia kiwango cha tano kwa mia kama mpaka wa kuamua kama tofauti iliyoonekana yafaa kuchukuliwa kwa uzito au huenda imetokana na bahati. Kwa maana hiyo ya pili, neno hilo halikusema kitu kuhusu ukubwa wa jambo wala umuhimu wake. Lilisema tu kama vipimo tulivyo navyo vinatosha kuliona. Mwaka 2016 Chama cha Takwimu cha Marekani kililazimika kutoa tamko kuwakumbusha watafiti hilohilo. Mkulima au diwani wa Kajiado anayesoma kwamba mabadiliko ‘hayana uzito wa kitakwimu’ anaelewa kwamba hakuna baya lililotokea. Mwandishi wa ripoti anajua tofauti hiyo, na ni wajibu wake kuiandika.

Sheria yetu imelipa neno hili mamlaka makubwa. Chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, kanuni za tathmini zilizotolewa mwaka 2003 zinasema kwamba mamlaka ya mazingira, NEMA, ikiridhika kuwa mradi hautakuwa na athari ya maana, au kwamba ripoti ya mradi ina hatua za kutosha za kupunguza madhara, inaweza kutoa leseni bila kudai utafiti kamili. Utafiti kamili ndio unaotakiwa kueleza athari za moja kwa moja, zisizo za moja kwa moja, zisizorekebishika, na zile zinazojilimbikiza. Soma tena mpangilio huo. Wajibu wa kujumlisha umewekwa ndani ya chumba ambacho mlango wake unafungwa na neno ‘ndogo’. Mradi ukishaitwa mdogo, hakuna anayelazimika kuuweka pamoja na wenzake ili ijulikane kama kwa pamoja bado ni midogo. Mwaka 2019 jedwali la miradi katika sheria hiyo lilipangwa upya katika hatari ndogo, ya kati na kubwa, ili miradi midogo isicheleweshwe na makaratasi. Kwa mtu anayejenga nyumba yake mwenyewe hilo ni jambo jema. Kwa uwanda unaokatwa na maelfu ya watu kama yeye, limeharakisha tu.

Kwenye bodi ya udhibiti wa ardhi mambo ni hayohayo. Ombi la kugawa shamba huja moja moja. Wajumbe huangalia kama mume na mke wamekubaliana, kama mpaka una ugomvi, kama njia ya kuingilia ipo. Hayo ni maswali mema na yamewaokoa akina mama wengi wasiuziwe ardhi chini ya miguu yao. Ila hakuna siku bodi hukaa ikaulizwa: je, Kitengela igawanywe hadi wapi?

Mwanauchumi wa Marekani Alfred Kahn aliandika mwaka 1966 kuhusu udhalimu wa maamuzi madogo. Mfano wake ulikuwa treni ya abiria ya mji wa Ithaca, jimbo la New York. Kila msafiri alichagua gari au ndege kwa safari yake, kila uamuzi ulikuwa na sababu nzuri, na mwishowe treni ikaondolewa ingawa hakuna aliyeulizwa kama anataka mji ubaki bila treni. Mwaka 1982 mwanaikolojia William Odum alilichukua wazo hilo na kulipeleka kwenye vinamasi vya pwani ya Connecticut na Massachusetts, ambavyo karibu nusu yake viliharibiwa kati ya 1950 na 1970. Hakukuwa na sheria iliyosema viharibiwe, wala kura. Ilikuwa ni mamia ya maamuzi madogo, kipande kimoja kimoja. Kitengela ingetosha kabisa kuwa sura ya pili ya makala hayo. Hakuna serikali, baraza wala mkutano wa hadhara uliowahi kuamua kwamba uhamaji wa nyumbu ukome.

Asidhani mtu kwamba miradi mikubwa haijui kujificha nyuma ya neno hili. Awamu ya pili ya reli ya kisasa, kutoka Nairobi kwenda Naivasha, ilikatiza Hifadhi ya Nairobi juu ya daraja la kilomita sita hivi. Miongoni mwa hoja za waliouunga mkono mradi huo ni kwamba nguzo za daraja zingechukua sehemu ndogo sana ya ardhi ya hifadhi, na wanyama wangepita chini yake. Ukilinganisha nguzo na kilomita za mraba 117, hoja hiyo ina nguvu. Ukizilinganisha na kile kilichobaki kwa wanyama baada ya kuzibwa kusini, hesabu inabadilika. Wapinzani walikwenda kwenye Jopo la Kitaifa la Rufaa za Mazingira, na mwaka 2016 likaamuru kazi isimame. Mapema 2018 ujenzi uliendelea ndani ya hifadhi hata hivyo. Nchi nzima ilijadili ule mradi, na hilo lenyewe lina thamani. Ploti 50 kwa 100 hazikuwahi kujadiliwa na yeyote.

Swali la pili, kwa nani, ndilo linalosahaulika na upande wetu sisi tunaopenda wanyama. Juni 2012 wakazi wa Kitengela waliwaua simba sita kwa mikuki baada ya mbuzi wao kuliwa. Dunia ililia, na ilikuwa haki kulia. Lakini kwenye habari nyingi mbuzi walitajwa kwa sentensi moja, kama jambo dogo lililosababisha jambo kubwa. Kwa nyumba iliyokuwa na mbuzi hao, wao ndio walikuwa karo ya muhula na maziwa ya mtoto. Mfugaji wa hapa anabeba na mzigo mwingine usiotajwa: ndama wa nyumbu hueneza ugonjwa unaoua ng’ombe, hivyo msimu wa kuzaa huwabidi Wamaasai kuyaacha malisho bora na kusogeza mifugo mbali. Richard Turere alikuwa mtoto tu alipobuni taa za kumulika zizi la babake lililo kando ya hifadhi, na mwaka 2013 akasimama mbele ya ulimwengu kwenye jukwaa la TED kuzieleza. Aliziwasha kwa sababu nyumbani kwao ng’ombe mmoja hakuwa takwimu.

Ndiyo maana nasema mpango wa kukodi ardhi ya wafugaji wa hapa, ulioanza mwaka 2000, ulielewa neno hili vizuri kuliko ripoti zote nilizosoma. Mwenye shamba alilipwa takriban shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka ili asizungushe ua, asiuze na asichimbe mawe. Mtu wa Nairobi husikia shilingi 300 akacheka. Lakini mwenye ekari mia moja alipata 30,000, na malipo yaligawanywa mara tatu kwa mwaka ili yafike shule zinapofunguliwa. Kiasi kilekile kilichokuwa si kitu kwa ekari kilikuwa mtoto aliyebaki darasani kwa familia. Kilichoushinda mpango huo ni bei ya ardhi, ambayo ilipanda kwa mwendo usiolingana na mfuko wowote wa wahisani.

Ukiteremka hadi Kajiado mjini na mito ya msimu inayozunguka huko, neno linabadilika sura lakini kazi yake haibadiliki. Hapa ni mchanga. Mchanga wa mto mkavu si uchafu uliotelekezwa na mafuriko. Ndio ghala la maji. Mvua ikipita, maji hubaki katikati ya chembe zake, mbali na jua, na mfugaji akichimba shimo la kimo cha mtu anapata ya kunywa miezi kadhaa baadaye. Lori moja likijaa, ghala limepungua kwa kiasi ambacho hakuna atakayekiona kesho. Malori yakiendelea, mto unabaki mwamba, na mama aliyekuwa anachota hatua mia moja kutoka bomani anaanza kutembea. NEMA ilitoa mwongozo wa uvunaji mchanga mwaka 2007. Majirani wetu wa Makueni walikwenda mbali zaidi: mwaka 2015 walitunga sheria ya kaunti ya kuhifadhi mchanga, na kuhifadhi mchanga ni kuutazama mto mzima badala ya lori. Naiona kuwa moja ya sheria zenye busara zaidi zilizotoka kwenye ugatuzi.

Kajiado haina uhaba wa mahali pa kujumlishia. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inadai mpango wa matumizi ya ardhi wa miaka kumi kwa kaunti nzima. Marekebisho ya 2015 ya sheria ya mazingira yaliingiza ndani ya sheria yenyewe tathmini ya kimkakati, inayopima sera na mipango badala ya jengo mojamoja. Vyombo hivyo vikitumika, mwandishi wa ripoti ya ploti hatahitaji kubuni kipimo chake. Ataandika sentensi ndefu kidogo: kwamba uzio huu unaingia kwenye njia ya wanyama ambayo kati ya upana wake wa zamani imebaki mita kadhaa, kwamba nyua nyingine kadhaa zimeidhinishwa hapo tangu mpango upitishwe, na kwamba huu utabakiza mita kadhaa. Baada ya hapo akitaka kuandika ‘ndogo’, aandike. Msomaji ataweza kumkubali au kumkatalia.

Kwa mkazi, nafasi ipo hata kabla ya hayo. Ripoti ya utafiti kamili inapowasilishwa, tangazo hutoka magazetini na kwenye Gazeti rasmi la serikali, na umma hupewa muda, kwa kawaida siku 30, wa kutoa maoni kwa maandishi. Si lazima uwe mtaalamu. Tafuta kila mahali palipoandikwa kwamba athari ni ndogo, piga mstari chini yake, na uandike kando maswali mawili: ukilinganisha na nini, na kwa nani? Barua ipelekwe ofisi ya NEMA ya kaunti na nakala yake ubaki nayo, ikiwa na muhuri wa kupokelewa. Asiyeridhika na leseni iliyotolewa ana siku 60 za kukata rufaa kwenye jopo lilelile lililoamuru kazi ya reli isimame.